Vidonge vya Jumapili

Niboye, Kigali
Jumapili, 8 Juni 2025

Dada yangu Winifred,

Shikamoo. Leo inatimia miaka mitatu na miezi miwili tangu uliponisindikiza mpaka stendi ya Kayanga na ule mfuko wa karanga, na ni miezi sita tangu uache kupokea simu zangu. Silalamiki. Nimetaja tu ili ujue kwamba siku nazihesabu.

Habari za hapo nyumbani? Mgongo wa shemeji umepoa, au bado anatembea kama mtu aliyebeba ndoo mbili? Buni zimekubali mwaka huu? Na ile migomba ya bondeni iliyoingiwa na mnyauko, mliing'oa au mliihurumia? Mama mkwe wako mpe salamu zake peke yake, umwambie sala yake ya asubuhi bado naikumbuka ilivyokuwa ndefu, uji ukapoa mezani. Shami na mumewe hawajambo? Najua kwa kulitaja jina la Shami nimekugusa pabaya. Tutafika huko, nivumilie.

Mimi ni mzima. Neno hili nimekwambia kwenye simu mara nyingi sana, na mara nyingi lilikuwa uongo. Leo ni kweli, na karatasi ninayo, nimepewa juzi Ijumaa. Ndiyo sababu nimeketi kuandika badala ya kukupigia. Simu yenu husikilizwa na nyumba nzima, wewe usingeipokea, na mimi kwa mdomo ningepunguza mambo kama kawaida yangu. Mtu akishaandika hana pa kurudi. Atakayekufikishia ni Kenny, dereva wa lori, kijana muungwana. Mpe maji ya kunywa. Rubisi usimpe, anaendesha. Mwandiko wangu pia uuvumilie, unajua shule niliiacha darasa la tano na mikono yangu sasa imezoea koleo kuliko kalamu.

Dada, nilikuwa naumwa ini. Usishtuke, nimesema nilikuwa.

Ilianza mwezi wa nane mwaka 2023. Tulikuwa tunajenga ghala kubwa kule Masoro kwenye viwanda, mimi nikiwa msaidizi wa mafundi, yaani wa kubeba na kuchanganya. Wakaja watu wa afya, wakafunga hema nje ya geti, wakasema kila kibarua apimwe presha, sukari na ini. Sikwenda kwa ajili ya ini. Nilikwenda kwa sababu ndani ya hema kulikuwa na kivuli na viti. Wakanitoboa kidole, nikarudi kazini, nikasahau. Baada ya wiki mbili nikapigiwa simu niende kituo cha afya, wakatoa damu tena, nyingi zaidi, na mara ya tatu ndipo daktari akaniambia nina homa ya ini, ile wanayoiita C. Akanieleza kwamba ugonjwa huu haupigi hodi. Unakaa ndani miaka ishirini, thelathini, unalila ini kidogo kidogo kama mchwa kwenye nguzo iliyopakwa rangi. Nikamwambia nilikuwa nachoka sana, lakini kibarua akichoka nani atajua kwamba ni ini? Akacheka kidogo, akasema hata yeye asingejua.

Habari njema ilikuwa kwamba dawa zipo. Kwa kuwa kitambulisho cha hapa ninacho kwa upande wa baba, na bima ya afya ya mituweli nimelipia, ningepewa vidonge viwili kila siku kwa miezi mitatu, basi. Kupatikana kwa dawa kulinifurahisha kiasi kwamba sikusikiliza vizuri lile neno "kila siku".

Nesi aliyenishika anaitwa Pretty. Ni binti mdogo, amekulia Uganda, Kiswahili chake anakitoa kama mtu anayevuka mto kwa kurukia mawe, lakini anajua kazi. Aliniambia nitaumwa kichwa, nitasikia kichefuchefu, mwili utakuwa mzito, na kwamba hayo yote yatapita. Na kweli yakaja. Saa moja baada ya kumeza, kichwa kilikuwa kinabana hapa juu ya macho, na tumbo linapanda na kushuka. Siku za kawaida niliweza. Nikitapika, natapika nyuma ya mchanga, nasukutua, narudi.

Siku ambazo sikuweza ni siku za zege. Wewe hujawahi kuona tunavyomwaga zege, nikueleze. Tunapanga mstari kutoka chini kwenye mashine mpaka juu kabisa, watu arobaini, wanaume kwa wanawake, na makarai yanapita mkono kwa mkono tangu asubuhi mpaka sakafu ya juu ijae. Zege halingoji. Likikatizwa katikati, linaacha mshono, na siku moja ufa utapita hapo hapo. Kwa hiyo mtu haondoki mstarini. Haendi kukojoa, haendi kutapika. Ukiyumba, karai linamwangukia aliye chini yako kwenye ngazi, na ngazi ile ya miti haina mkono wa kushika. Niliyumba mara moja tu, mwanamke aliyekuwa chini yangu akanitukana matusi ya kutosha wiki nzima, na alikuwa na haki.

Basi nikajipangia mpango wangu. Siku ya zege simezi. Na kwa kuwa vidonge vilikuwa vya kuhesabiwa, nami sikutaka kurudi kwa Pretty na chupa yenye mabaki, vile nilivyoruka nikavimeza Jumapili. Wiki yenye zege mara mbili, Jumapili nilikuwa nameza vya siku tatu kwa mpigo. Sikuona kosa. Sisi vibarua ndivyo tunavyoishi, dada. Ukikosa Jumatano, kapita, yaani msimamizi, anakuruhusu kuifidia Jumapili, na mwisho wa mwezi siku ni zile zile. Nilidhani na mwili una kapita wa namna hiyo.

Ninayekaa naye chumba kimoja ni Silvère, fundi wa matofali, Mkatoliki aliyekulia Burundi, mtu wa mzaha mpaka wakati wa kuzika. Alikuwa ananiona Jumapili asubuhi nimepanga vidonge kwenye kiganja, akasema sisi Walutheri hatimaye tumejifunza kukomunika kila wiki, ila mimi nimezidisha. Jumapili yote nikawa nalala kama gunia, na Jumatatu nafika kazini macho mekundu. Miezi mitatu ikaisha, chupa ikawa tupu kwa tarehe yake. Pretty akanisifu.

Mwezi wa tatu mwaka jana nikapimwa, virusi bado wapo. Daktari akapekua faili, akaniuliza kama nilimeza zote. Nikasema zote, na haukuwa uongo. Akasema basi huenda virusi wangu ni wakaidi, ini nalo limeanza kukakamaa upande mmoja, ataomba dawa za aina nyingine, kali kidogo, za miezi sita. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeonewa. Nilitoka pale nimewakasirikia waliotengeneza dawa.

Kuzisubiri kulichukua karibu miezi sita. Zilipofika, mwezi wa tisa, Pretty alinikalisha chini, akanionyesha chupa moja na pakiti moja ya vidonge vya kumeza asubuhi na jioni, akaniambia bila kuzunguka kwamba hizi zikiharibika hajui kama kuna za tatu. Hapo ulimi ukafunguka wenyewe. Nikamsimulia siku za zege na vidonge vya Jumapili.

Alianza kwa kucheka, dada, mpaka akaziba mdomo kwa karatasi. Halafu hakucheka tena. Akaniambia kwamba damu haina Jumapili. Kwamba nilipoacha siku moja virusi walipumzika, wakazaana, wakajifunza sura ya dawa, na vile vingi vya Jumapili havikuwafidia chochote isipokuwa kunilaza. Nilitegemea anikaripie. Badala yake alichukua kalamu akaanza kuniuliza kama fundi anayechukua vipimo: zege humwagwa saa ngapi, nakula nini kabla, maji yako wapi, choo kiko wapi, nani mwenye uamuzi wa kunitoa mstarini. Nikamjibu kwamba mwenye uamuzi ni kapita. Akasema basi kidonge cha kwanza ni kumwambia kapita.

Kapita wetu ni Jean-Berchmans. Ana sauti ambayo ukiwa Masoro unaisikia, ukiwa kwako Kayanga usishangae ukiisikia pia. Niliogopa mambo mawili, kwamba atanifukuza na kwamba atawatangazia wengine nisiguse karai lao. Nikamfuata wakati wa kula, nikamweleza kwa kifupi. Akatafuna, akameza, akaniuliza kama nina mpango wa kufia kwenye saiti yake. Nikasema hapana. Akauliza kama ugonjwa unaambukiza kwa karai. Nikasema ni kwa damu tu, si kwa karai wala kwa sahani. Akasema mwaka mzima alikuwa ananihesabu mlevi, maana ile miezi mitatu ya mwanzo kila Jumatatu nilikuja kama kuku aliyenyeshewa, na alikuwa ameshanitafutia mtu wa kunirithi. Akaongeza kwamba mimi ni mpumbavu, lakini mpumbavu asiyekunywa ana faida. Kesho yake akanihamishia kwenye benchi la nondo, kazi ya kukunja ringi za chuma nimekaa, chini, kivulini. Siku za zege nikawa nawasikia tu wakiimba kule juu.

Sasa nikueleze hiyo miezi sita bila kuipaka sukari, na baadaye utajua kwa nini.

Dawa zile zinapunguza damu. Mwezi wa pili wa dawa nilikuwa nikipanda mlima wa kutoka barabarani mpaka tunakokaa hapa Niboye nasimama mara tatu: kwenye duka la Claudette, kwenye nguzo ya umeme, na kwenye geti moja la kijani. Nilikuwa najifanya naangalia simu. Claudette, huyo mwenye duka, akaanza kuniuliza namsubiri nani kila jioni, na akaeneza kwamba nina mwanamke ndani ya lile geti. Moyo ulikuwa unapiga kama mashine ya kushindilia udongo. Kifua kikavu, kikohozi kisichotoa kitu. Ngozi inawasha miguuni na mgongoni hadi nikawa najikuna kwa gunzi. Usingizi hakuna. Na ukali, dada, hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Mimi mdogo wako unayenijua, niliyeshindwa hata kumchinja kuku, nilimwaga nje sufuria nzima ya maharage ya Silvère kwa sababu aliweka chumvi kabla hayajaiva. Siku nyingine basi lilijaa pale Remera, likaniacha, nikalia. Nilisimama foleni na watu wazima wenzangu, machozi yanashuka, mama mmoja akaniuliza nimefiwa na nani.

Nilivyovuka ni hivi. Kula kwanza, ndipo kumeza, hata kama hamu haipo. Mimi nilikuwa nakula nusu parachichi na kipande cha mkate, tumbo likapata kitu cha kushika. Vya jioni nilivisogeza kutoka saa tatu hadi saa kumi na mbili, usingizi ukarudi kwa kiasi. Chupa ya maji sikuiacha, mpaka Silvère akaniita mama mjamzito kwa jinsi nilivyokuwa natafuta pa kukojoa. Kwa kuwasha niliacha sabuni za harufu, nikaoga maji ya vuguvugu, nikajipaka mafuta mazito mwili ungali na unyevu. Nikitaka kusimama, nilikaa kwanza ukingoni mwa kitanda nihesabu mpaka ishirini. Ukali haukuwa na dawa, ila Pretty alinifundisha kuwaambia watu mapema kwamba leo msinichokoze, kuliko kuwaomba radhi jioni. Nikawa namwambia Silvère, naye anajibu kwamba amepokea taarifa ya hali ya hewa. Siku moja akaja na maini ya ng'ombe kwenye karatasi, akasema ametembea soko zima la Kicukiro akitafuta kipuri changu, na hiki ndicho kilichokaribia saizi. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ndicho chakula cha kwanza nilichomaliza mwezi ule.

Kila nikimeza nilitia alama ya penseli kwenye kipande cha mfuko wa saruji ukutani. Hakuna hata siku moja iliyorukwa, ya zege wala ya mvua wala ya sikukuu.

Hapa ndipo anapoingia Shami. Ile wiki ya harusi yake, Desemba, nilikuwa nimeshanunua viatu. Jumatatu wakanipima damu, ikawa imeshuka hadi daktari akaniuliza nimefikaje pale kwa miguu. Wakapunguza vidonge vya jioni, wakasema nisisafiri, nirudi Alhamisi, ikishuka tena nitaongezewa damu ya mtu. Nikakuambia kwenye simu kwamba kapita amenikatalia ruhusa. Ukanijibu kwamba mtoto ana mjomba mmoja tu duniani na huyo mmoja amechagua matofali. Halafu ukakata. Ilikuwa stahili yangu, kwa yale uliyoyajua. Jumamosi ile nilivaa viatu vile, nikakaa kitandani tangu saa ambayo mngekuwa mnaingia kanisani hadi saa ya kukata keki, nikavivua. Mwombe Shami radhi kabla sijamwomba mwenyewe.

Machi katikati nikameza cha mwisho. Baada ya hapo ni kungoja miezi mitatu bila dawa, kuona kama virusi watachomoza tena. Damu ikarudi taratibu, kuwasha kukakoma, nikaanza kulala. Lakini moyo haukulala. Hata mara ya kwanza nilijisikia vizuri.

Juzi Ijumaa Pretty aliniita. Alikuwa ameigeuza karatasi kifudifudi mezani, nikajua ameshindwa kunitazama. Kumbe alikuwa anaficha furaha. Akaigeuza, akasema hawakuona kirusi. Nikamwomba asome tena. Akasoma. Nikamwomba asome jina langu lile la juu kama ni langu kweli, akasoma Ntare, na tarehe ya kuzaliwa ambayo baba aliikisia. Daktari akaniambia ini lina kovu ambalo huenda lisiondoke lote, nitapimwa kila baada ya miezi sita, pombe niisahau, na kwamba kwa sababu ya zile dawa nisimpe mwanamke mimba mpaka Septemba ipite. Nikamwambia kwa umri huu na chumba ninachogawana na Silvère, Septemba haina shaka. Nikatoka bila kofia yangu. Nikapanda ule mlima bila kusimama popote, na Claudette akanipigia kelele kutoka dukani akiuliza kama yule mwanamke wa geti la kijani ameniacha.

Hadi hapo, dada, ni furaha, na ningependa kufunga barua. Lakini kuna jambo ninaloliogopa kuliko vidonge vyote.

Mwaka jana, siku ile ya kuanza dawa za pili, Pretty aliniuliza ugonjwa niliupata wapi. Sijawahi kuongezewa damu, sijadungwa sindano za mitaani. Akaniambia nipandishe shati. Akaziona zile chale tatu chini ya mbavu za kushoto. Akasema kwa watu wa umri wangu amekutana na hili mara nyingi, wembe mmoja kwa watoto wengi, na kwamba huenda ni hapo, ingawa hakuna wa kuapa. Kisha akauliza kama siku ile nilichanjwa peke yangu.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi. Mimi nilikuwa na miaka sita, wewe tisa. Bandama langu lilikuwa limevimba, tumbo kama ngoma, mama akatupeleka kwa yule bibi wa ng'ambo ya kijito. Kulikuwa na watoto watatu mbele yetu na wembe ulikuwa mmoja, anaufuta kwa jani la mgomba. Nilipoona damu ya yule wa tatu nikashika nguzo ya mlango, nikapiga kelele, mama akanivuta akashindwa. Ndipo wewe ukapandisha gauni ukasema waanze na wewe, ili nione. Dada, wewe hukuwa mgonjwa. Bandama lako lilikuwa zima. Ulichanjwa chale tatu ili mimi ninyamaze. Ulibana midomo, ukanigeukia ukasema haiumi. Nikaachia nguzo.

Pretty aliponiuliza, nilimjibu ninaye dada mmoja, tulichanjwa pamoja, nimeshamwambia, amepimwa, hana kitu. Akaandika kwenye faili. Hayo mawili ya mwisho nilimdanganya kwa sentensi moja.

Kwa nini? Nimejiuliza miezi tisa. Nilijiambia kwamba kwanza nione kama dawa zinaponya, nisikuletee ugonjwa bila tiba. Nilijiambia kwamba ukinisikia ninavyokohoa na kulia foleni, utaogopa, hutakwenda kupimwa. Lakini ukweli wenyewe ni mfupi. Niliogopa wakikupima wakukute nao, na mimi ndiye niliyeshika nguzo. Ulipokasirika kwa ajili ya harusi nilipata hata nafuu, Mungu anisamehe, kwa sababu usipopokea simu sina wa kumwambia.

Ijumaa, tukiagana, Pretty alinishika mkono akasema nimsalimie yule dada yangu aliyesalimika bila kumeza kidonge. Nikasema zimefika. Usiku ukapita. Jana asubuhi nikarudi, nikamsubiri mpaka amalize foleni yake, nikamwambia. Safari hii hakucheka wala hakuniuliza vipimo vya kitu. Alikata ule mstari kwenye faili kwa kalamu, mara mbili, akasema vidonge vya Jumapili nilijidhuru mwenyewe, lakini hili ni la mtu mwingine, na kwamba nisirudi kwake kunywa hata maji kabla sijaandika. Ndiyo hii.

Mama tusimlaumu. Alikuwa na mtoto mwenye tumbo la ngoma na hospitali ilikuwa mwendo wa siku nzima. Yule bibi naye alifanya alichofundishwa. Na huenda huna kitu. Pretty amesisitiza hilo, kwamba wengi walipita chini ya wembe ule ule wakatoka salama, na wengine mwili uliwafukuza virusi wenyewe. Kipimo ni tone la damu ya kidole. Mpaka tujue, wembe na mswaki wako usiazime mtu. Kula na wajukuu sahani moja, hakuna neno.

Ukikutwa huna, tutachinja. Ukikutwa nao, dawa zipo, na kama huko hazipatikani kwa urahisi wewe pia ni damu ya baba, Pretty amesema nikulete hapa na karatasi zako waone njia. Yaelekea wewe utapewa zile za miezi mitatu, si hizi zangu, maana hizi nilizitafuta kwa ujinga wangu.

Sasa unajua kwa nini nimekuandikia kichwa, kutapika, kikohozi, maharage na machozi yote, bila kukuachia hata moja. Wewe ulitangulia siku ile, ukanidanganya kwa huruma kwamba haiumi. Safari hii nimetangulia mimi, na sitakudanganya. Inauma. Inauma miezi kadhaa, halafu inakwisha, na unapanda mlima bila kusimama.

Msalimie shemeji, na hili mwambie wewe mwenyewe kwa wakati wako. Msalimie mama mkwe na wajukuu, na jirani yeyote atakayeuliza kama bado niko hai. Silvère anakusalimu ingawa hamjuani, anasema mtu aliyenilea anastahili pole. Kama hutaki kunipigia, usinipigie, nimekuelewa tayari.

Kapita amenipa ruhusa, ya kweli safari hii, wiki mbili. Nitavuka Rusumo Jumamosi ya tarehe 28 mwezi huu, na jioni nitakuwa kwenu. Jumapili tutakwenda kanisani. Jumatatu asubuhi, kabla ya chai, vaa kanga nzuri twende hospitali ya wilaya pamoja. Nitanyoosha kidole changu pia, ingawa changu hakihitajiki.

Mdogo wako,
Ntare